Santuri Uliyoianika na Ilende

Zuzu, Dodoma
Jumapili mchana

Kwako Baba,

Shikamoo. Hiyo shikamoo ni ya moyoni, naomba uipokee kabla hujashuka chini, maana huko chini adabu yangu inapungua. Habari za nyumbani? Mgongo wa Bibi unaendeleaje? Mama ameacha kukohoa? Na yule ndama uliyemshona tumbo nilipokuwa huko, amepona au mlimchinja? Mimi mwili wangu hauna shida. Nakula, nalala, naenda shule. Ila mama mkubwa, hapa kwake ninapokaa, anasema siku hizi nina uso wa mtu aliyetafuna ndimu, na hajakosea.

Nimekasirika, Baba. Sentensi hiyo nimeiandika kwenye karatasi nyingine mara tatu nikaichana, kwa sababu sijawahi kukwambia kitu kama hicho tangu nizaliwe. Unanijua. Mimi ni mtoto wa "ndiyo, Baba", mgeni akibisha hodi naingia jikoni na natoka akishaaga. Kwenye simu siwezi. Kwanza mnaiweka sauti ya nje, Mama anasikia, Bibi anasikia, jirani aliyekuja kuomba chumvi naye anasikia na anachangia. Pili, nikikusikia tu ulimi unakauka. Ndiyo maana nimeandika. Barua anakuletea mama mkubwa mwenyewe na nimeifunga kwa gundi. Isome peke yako, tafadhali. Hata zizini si mbaya.

Nianze na makosa yangu, usije ukasema nimeona kibanzi cha kwako tu. Miezi mingi nimekuwa nikimwambia mama mkubwa kwamba Jumatano na Jumamosi nina mazoezi ya kwaya. Sijawahi kuimba kwaya hata siku moja. Nilikuwa naenda kwa Fundi Jumanne.

Fundi Jumanne ni mtu wa Kondoa, anatengeneza redio kwenye fremu moja ya duka karibu na reli. Ana mashine mbili za santuri, nzima, na mikisa ya kuchanganya sauti katikati yake. Watumishi wa serikali wanapostaafu humwita akapige muziki wa zamani kwenye sherehe zao, kwa sababu wazee hao hawataki kusikia wimbo wa ujana wao ukitoka kwenye simu. Wanataka waone santuri inazunguka. Wengine wanalia, anasema, mwanaume mzima na suti yake.

Nilikwenda kwake na santuri moja ya Babu nimeifunga kwenye kanga. Alinitazama kwa juu ya miwani.

"Umeiba wapi?"

"Ya Babu."

"Babu yako anajua unayo?"

"Alishafariki."

"Basi hajui. Unataka nini?"

"Kuisikia."

"We binti una maneno mangapi kwa siku? Naona yanakaribia kwisha." Akaichukua, akaifuta kwa kitambaa, akaiweka.

Baba, mimi ule wimbo niliujua kwa pua tu, Babu alivyokuwa akiuguna akinyoa ndevu. Sikujua kuna tarumbeta mbele. Sikujua kuna mtu wa pili anayemjibu mwimbaji. Nilishika fremu ya mlango mpaka ukaisha. Fundi akanirudishia akasema, "Njoo kesho, Bi Kimya. Na ukate kucha."

Nakukumbusha hizo santuri zilivyonifikia, maana ndipo penye kidonda. Babu alipofariki wajukuu wengine waligawiwa mbuzi. Mimi nikapewa kisanduku, kwa kuwa ndiye niliyekuwa nikimfutia vumbi. Ulisema mbele ya watu, "Zitamfaa nini huyu, hata cha kuzipigia hatuna." Zilikuwa kumi na moja, na ule wimbo wake ulikuwa na nakala mbili. Babu wimbo akiupenda alinunua santuri mbili, ya kupiga na ya akiba. Nilipokuja kusoma huku uliniambia moja ibaki, nyumba isikose kabisa sauti ya mzee. Nikakuachia ile ya akiba, ambayo haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Nilifurahi sana siku ile. Sijawahi kukwambia hilo pia.

Sasa kujifunza. Wenzangu shuleni wanadhani ni kubonyeza. Wiki mbili za kwanza Fundi hakuniruhusu kubonyeza kitu. Nilijifunza kushika santuri kwa ukingo kama mtu anayeshika sufuria ya moto. Nilijifunza kutoa vumbi kwenye sindano, na Zuzu hii upepo ukianza sindano inatoka na ndevu nyekundu kila baada ya nyimbo mbili. Halafu ndipo tukaanza kazi yenyewe. Wimbo mmoja wanausikia watu. Wa pili unausikia wewe peke yako kwenye hedifoni, sikio moja. Unautafuta mdundo wa kwanza kwa kidole, unaushika hapo, unasubiri, unauachia, na nyimbo zote mbili zinatakiwa ziende hatua kwa hatua watu wasijue umetoka huku umeingia kule. Wewe utaelewa nikikwambia hivi: ni kama kufunga maksai wawili nira moja wakati mmoja hajawahi kulima. Wiki tatu maksai wangu waligombana. Mmoja anakwenda mbio, mwingine anakula majani.

Nilitazama video za Wazungu. Kiingereza nakielewa, ulinipeleka mwenyewe shule ya Kiingereza, na hata kile kitabu cha maelekezo cha mashine nilimsomea Fundi chote akashangaa kwamba miaka yote alikuwa anaogopa kitufe kisicho na madhara. Lakini wale wa kwenye video wanaeleza sana mpaka nikawa nafikiria badala ya kusikia. Wimbo wa pili ukichelewa nilikuwa nausukuma kwa kidole, na ukiusukuma unapiga kelele kama paka. Fundi akaniondoa mkono.

"Nani kakwambia usukume? Mgeni akiaga kwenu mnamsukuma?"

"Hapana."

"Mnafanyaje?"

"Tunamsindikiza."

"Enhe. Isindikize. Tembea nayo kidogo, ukiona imeshika njia, iachie iende zake."

Siku hiyo maksai walilima, Baba. Mstari mmoja, kama dakika nzima. Nilitaka kukupigia simu. Sikupiga.

Halafu kuna treni. Treni ya mizigo ikipita nyuma ya fremu, meza inatetemeka na sindano inaruka. Fundi ameweka mashine zake juu ya mipira ya baiskeli iliyokatwa lakini hata hivyo inaruka. Kwa hiyo nimezoea: nikisikia inaruka, siogopi. Mkono unakwenda wenyewe kwenye mikisa, narudi kwenye wimbo ule mwingine, napumua mara mbili, imekwisha. Kumbuka hilo la pumzi mbili. Nitalirudia.

Kitu nilichojifunza kuliko vyote ni ule mstari wa zawadi. Unajua kwenye sendofu, binti anapoagwa, ndugu wanavyopanga foleni na zawadi zao, wakicheza kutoka nyuma ya turubai mpaka mbele alipokaa binti. Foleni ni ndefu na wimbo ni mfupi. Wimbo ukikatika mtu yuko katikati na godoro kichwani ni aibu, watu watamsimulia mpaka apate wajukuu. Dijei wa laptopu anabonyeza tu wimbo unajirudia. Sisi wa santuri tunahitaji nakala mbili za wimbo uleule. Ukifika ile sehemu ya mwisho, magitaa yanapokimbia, wanamuziki wanaiita chemko, unapiga chemko la santuri ya kwanza, huku ya pili umeiweka tayari mwanzoni mwa chemko. La kwanza likikaribia kwisha unaingiza la pili, na huku unairudisha ile ya kwanza nyuma kwa mkono, unahesabu mizunguko. Unaweza kwenda hivyo mpaka asubuhi. Fundi anasema dijei hajulikani kwa wimbo aliouanza. Anajulikana pale shangazi wa mwisho anapofika mbele bado anacheza.

Nilifanya mazoezi kwa nakala ya Babu na nakala ya Fundi mwenyewe ya wimbo mwingine, ilimradi mkono uzoee. Nikawa naweza. Ndipo dada Yunisi akaposwa.

Nilimwomba Yunisi, Yunisi akakuomba wewe. Ukasema kwenye simu, sauti ya nje, wote tukasikia: "Kama anaweza kweli, aje apige huo mstari. Sehemu nyingine tumemkodi dijei." Mama mkubwa alinikuta nimejifungia chooni nacheka peke yangu, na hapo ndipo nikamwambia habari za kwaya. Akasema, "Kwani mimi sikujua? Kwaya gani inayopaka watu mafuta ya mashine vidoleni?"

Fundi alikuwa na kazi yake siku hiyo lakini alinipa mashine zote mbili. Tulizifunga kwenye magodoro ya mtoto. Akaniambia, "Nakupa macho yangu mawili. Ukirudi na moja usirudi." Nilikaa nazo kwenye basi kutoka Dodoma mpaka Mpwapwa, moja kila upande, na kondakta alipotaka kuziweka chini nilimwambia hapana. Mimi, Baba. Nilimwambia mtu hapana.

Asubuhi ya sherehe niliitoa ile santuri ya akiba kwenye ganda lake. Ilikuwa imepinda. Siyo kidogo. Ukiiweka mezani ukingo mmoja umenyanyuka kama ukingo wa ungo uliokaliwa. Nilidhani ni joto la chini ya bati miezi yote hiyo. Nikaiweka chini ya godoro la zawadi, juu yake nikaweka jiwe la kusagia, nikaomba.

Na hapa naungama. Nilijua haijanyooka. Nilipaswa kuja kukwambia, "Baba, santuri imepinda, mstari apige dijei." Ulikuwa umesimama pale nje unafunga utepe mwekundu kwenye shingo ya yule mtamba wa kumzawadia Yunisi. Nilikuja mpaka mlangoni. Ukasema, "Vipi?" Nikasema, "Hamna." Nikarudi ndani. Hilo ni kosa langu na sitakusingizia.

Mstari ulipoanza, mikono ilifanya kazi yake. Sijui kama uliona. Ulikuwa mwisho kabisa wa foleni umeshika kamba ya mtamba. Bibi alifika mbele, na mama wadogo na vyombo vyao, na wale majirani na kapeti. Nikaingiza santuri ya akiba mara ya kwanza. Mkono wa sindano ulipanda na kushuka kama mtu aliyekaa juu ya punda, lakini ukapita. Nikarudi kwenye ile nzima. Watu walikuwa wanapiga vigelegele, Baba. Mzee mmoja wa upande wa wakwe alikuja akainama mbele ya mashine kuangalia, akasema, "Hee, kumbe bado zipo!" Nikaingiza ya akiba mara ya pili.

Ikaruka. Neno lilelile, neno lilelile. Unajua kilichonijia kichwani? Treni. Nikasahau kabisa kwamba niko nyumbani na treni haipiti hapo. Mkono ulikwenda wenyewe. Ile nzima ilikuwa tayari, kidole kiko juu yake. Nilihitaji pumzi mbili.

Wewe ukamwachia mtu kamba ya ng'ombe, ukatoka kwenye mstari, ukaja ukutani ukachomoa waya.

Hujui santuri ikikatiwa umeme inavyofanya. Hainyamazi. Inazama. Yule mwimbaji wa Babu alizama mbele za watu wote kama ng'ombe anayekata roho. Shangazi Tabu alikuwa katikati na beseni kichwani, akapaza sauti, "Nani kaua wimbo? Mguu wangu uko hewani huku!" Watu wakacheka. Baba mkubwa wa upande wa bwana harusi akajibu, "Tulijua tunachukua binti, kumbe mnatupa na muziki wake, mmebaki bila!" Wakacheka tena. Ukachukua kipaza sauti kwa mshereheshaji. Ukasema, "Samahanini wageni wetu. Mtoto alikuwa anajaribu tu. Sasa tumpe nafasi mwenye kazi yake."

Anajaribu tu.

Nilikunja waya. Nilizifunga mashine kwenye magodoro. Ile santuri ya akiba niliiacha palepale juu ya kiti. Dijei wako akapiga wimbo wa laptopu, na mtamba alipelekwa mbele na mtoto wa jirani kwa sababu wewe ulikuwa umeketi, umeinamisha kichwa. Hukucheza. Binti yako wa kwanza anaagwa na hukucheza mpaka mbele. Nilidhani umeketi kwa aibu yangu.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Kesho yake kwenye basi nilikaa na mama mmoja mpole, akanipa karanga, akaniuliza, "Umetoka kwa nani Mpwapwa?" Nikasema kwa mama yangu. "Na baba?" Nikamjibu, "Alishafariki." Akasema pole mwanangu, akanishika mkono mpaka Dodoma. Nami nilimwacha anishike. Nimekuua, Baba, kwa ajili ya waya. Yule mama simjui jina, siwezi kumtafuta nimwambie kwamba baba yangu yupo na mzima na anatibu ng'ombe. Kwa hiyo nakwambia wewe. Nisamehe kwa hilo. Ni hilo moja tu ninaloomba msamaha bila kuongeza neno.

Nilirudi, Fundi akaniuliza ilikuwaje. Nikasema nzuri. Wiki mbili sikugusa mashine. Nilikuwa nakwenda na kufagia fremu yake, narudi. Nilijua kwamba siwezi, kwamba nilikuwa najaribu tu. Nililiamini neno lako. Baba, wewe hujui neno lako lina uzito gani kwa mtu ambaye umemwambia machache.

Halafu Jumanne iliyopita Yunisi akaniandikia kwenye simu. Tulikuwa tunapiga soga ya kawaida, anaeleza jiko lake jipya. Akaandika, kama mchezo: "Hivi unajua Baba ndiye aliyeipinda santuri yako? Aliiosha kwa sabuni ya unga ili usipige kitu kichafu mbele ya wakwe, akaianika na ilende ya Mama juu ya bati la jikoni. Mama alimwona anaishusha jioni. Baba akamwambia usimwambie mtoto."

Nilisoma mara nyingi mpaka simu ikazima.

Juu ya bati! Jua la Dodoma, Baba! Majani mabichi ya ilende yanakauka siku moja hapo, nyama inakauka, viatu vinakauka mpaka vinapasuka, na wewe unaweka juu yake kitu cheusi, chembamba, cha plastiki, alichokitunza mzee miaka yote ndani ya boksi! Lakini sikia, hilo sikulikasirikia. Walahi sikulikasirikia. Nilipofikiria umeinama kwenye beseni, wewe ambaye hata kikombe chako unaoshewa, unasugua santuri ili nisiaibike, nilitaka hata kucheka. Ungeniambia tungecheka wote.

Hasira yangu ni kwamba ULIJUA. Uliishusha ukaiona. Ukairudisha kwenye ganda lake, ukainyamazia. Ulijua nitaipiga. Asubuhi ile mimi niko mlangoni unaniuliza "vipi", ulijua ni vipi! Na iliporuka, wewe peke yako kati ya watu wote wale ndiye uliyejua kwamba si mkono wangu. Hata mimi nilikuwa na shaka na mkono wangu. Wewe hukuwa na shaka. Ukashika kipaza sauti ukasema mtoto anajaribu. Aibu ilikuwa yako, ukanivisha mimi, na ilinikaa kabisa kwa sababu mimi aibu yoyote inanikaa, sina haja ya kupimwa.

Kwa nini? Yunisi anasema Baba alichanganyikiwa, aliogopa wakwe watauliza nani kaharibu. Mama, nilipompigia, alisema, "Mwanangu, baba ni baba." Sikatai kwamba baba ni baba. Nauliza waya ulichomolewa kwa nini.

Siku hiyohiyo nilikwenda kwa Fundi, naye nikampandishia sauti. Nilimwambia mbona hakunifundisha santuri iliyopinda inapigwaje, mbona alinipeleka mbele ya watu nusu nusu. Nilipiga kelele mpaka mwenye duka la pili akachungulia. Fundi aliweka chini bisibisi yake polepole.

"Alhamdulillah," akasema. "Bi Kimya ana koo."

"Usinicheke!"

"Sikucheki. Nauliza. Asubuhi ile uliiona imepinda?"

"Niliiona."

"Simu ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

"Ukanipigia?"

"Sikukupigia."

"Basi. Ungenipigia ningekwambia weka sarafu juu ya kichwa cha sindano, kwa utepe kidogo. Uzito unaishikilia chini. Inapita kama gari kwenye matuta." Akachukua santuri yake moja mbovu, imepinda kuliko yetu, akaweka sarafu ya mia, na ikapita. Yote. Mwanzo mpaka mwisho. Nilikaa chini ya meza yake nikalia kwa hasira. Sarafu ya mia, Baba! Wewe ulikuwa nazo mfukoni za kuwatunza wacheza ngoma, mimi nilikuwa nayo kwenye begi. Kila mtu pale alikuwa nayo. Kilichokosekana ni mtu mmoja kufungua mdomo, wewe au mimi.

Hapo ndipo nilipoona kitu kibaya. Huu ukimya ambao watu wanasema nimeutoa kwa Mama, sikuutoa kwa Mama. Mama anaongea. Nimeutoa kwako. Na siutaki tena. Nakurudishia.

Sasa sikiliza ninachotaka. Mama mkubwa anastaafu, atakwambia mwenyewe akikupa barua hii, ndicho kinachomleta huko, kuwaalika. Amefanya ukarani wa masijala tangu ofisi yao iko Dar es Salaam, amehamishwa nayo mpaka huku, na wenzake wanamfanyia sherehe Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kutakuwa na mstari wa zawadi. Ndugu wa kwetu, na ofisi nzima. Foleni itakuwa ndefu kuliko ya Yunisi. Fundi atapiga muziki wa sherehe, lakini mama mkubwa amemwambia mstari nipige mimi, na wimbo uwe ule wa Babu, mkwe aliyempenda kuliko ndugu zake mwenyewe. Nimesema ndiyo.

Nina nakala moja tu. Nakala moja haivushi foleni. Kwa hiyo naitaka ile uliyoianika. Mama anasema uliichukua pale kwenye kiti ukaiweka nyuma ya kabati lako. Usimpe mama mkubwa aje nayo, wala usimpe kondakta. Ilete wewe mwenyewe, isimame wima kati ya nguo zako, isilale juani. Najua wakati wa chanjo huwa huondoki. Safari hii ondoka.

Ukifika, sitaki uniombe radhi mbele ya watu, maana mimi na wewe wote tungekufa. Nataka unipe mkononi, na useme, mimi na wewe tu, "Lea, niliipinda mimi." Maneno mawili ukiondoa jina langu. Nimeyahesabu kwa ajili yako.

Halafu uende ukasimame nyuma ya foleni na zawadi ya shemeji yako, mwisho kabisa, kama ulivyosimama siku ile. Sarafu nitakuwa nayo. Santuri ikiruka hata hivyo, usiangalie ukutani. Hesabu pumzi mbili.

Nisalimie Mama na umwambie nimekula ile ilende yake yote, ni tamu, sina ugomvi nayo. Msalimie Bibi, aache kuinua ndoo. Dada Yunisi na shemeji wakija kuwaona uwaambie nawaombea, na kwamba Yunisi hakufanya kosa kuniambia, asigombezwe. Shangazi Tabu mwambie naomba radhi kwa ule mguu. Na yule mtamba, kama bado hawajamchukua, mkune shingoni kwa ajili yangu.

Hasira bado ninayo, nitakuja nayo ukumbini na sitaificha jikoni. Lakini nitaurudisha wimbo mara zote zitakazohitajika, na hautaisha kabla wewe hujafika mbele.

Ni mimi mwanao wa pili, mzima, na baba yangu yupo,

Lea